Viti Sita vya Mninga

Ukutani katika karakana yangu, juu ya meza ya kazi, nimetundika kipande cha mguu wa kiti, urefu wake yapata shibiri moja. Wageni waingiao huniuliza kwa nini natunza kipande cha mti kilichojaa matundu, hali kuni zatakiwa jikoni. Mimi huwajibu kuwa hicho ndicho kitabu changu cha kwanza cha useremala. Leo nataka kuwasimulia ninyi habari zake, kwa sababu wengine wenu wamekaribia kumaliza shule, nao watakwenda kujifunza kazi za mikono. Ni heri mtu ajifunze kwa kosa la mwenziwe kuliko kungoja kosa lake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tabora, na kwetu mti unaosifiwa kwa samani kuliko yote ni mninga. Huota katika misitu ya miombo, kutoka Tanzania hata Angola, Namibia na Afrika Kusini. Watu wa Zambia huuita mukwa. Tunda lake ni la mviringo kama sahani ndogo, lina miiba katikati, na ukingo wake ni mwembamba kama karatasi, upate kuchukuliwa na upepo. Ukiukata mti huu, hutoka utomvu mwekundu kama damu, hata mtu asiyeujua hushtuka. Mche wa mninga hauna haraka. Miaka yake ya kwanza, kila kiangazi shina lake hufa, na mvua zikirudi huchipua tena; kumbe wakati huo wote mizizi yaendelea kujijenga chini ya ardhi. Baada ya miaka mingi ya kufa na kufufuka, ndipo shina hupata nguvu ya kusimama na kupanda juu. Kwa hiyo mti kama huu haukatwi ovyo, nayo serikali haimruhusu mtu kuukata asipokuwa na kibali.

Nilipomaliza shule nilikuwa na umri wa miaka 16. Baba yangu akanipeleka kwa fundi mmoja, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye karakana yake ilikuwa chini ya mwembe mkubwa. Mwaka wa kwanza nilifagia takataka za randa, nikanoa patasi, nikachemsha gundi. Mwaka wa pili ndipo aliponiruhusu kugusa kazi za watu.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu, mzee aliyeheshimiwa na mtaa mzima, akifuatwa na mkokoteni wenye viti sita. Viti vilikuwa vimepakwa rangi nzito ya buluu, nayo imepasuka na kubanduka kama magamba ya samaki. Baada ya salamu Mwalimu akasema, "Fundi, viti hivi ni vya mninga. Baba yangu alinipa siku niliyooa. Baadaye tulivipaka rangi hii, kwa kuwa siku zile kila nyumba ilitaka viti vya rangi. Sasa nimezeeka, nami nataka kuuona mti wenyewe tena. Tena binti yangu ataolewa Jumapili ya wiki ijayo, na wageni watavikalia."

Fundi akakubali, wakapatana bei. Mwalimu alipoondoka, Fundi akakipindua kiti cha kwanza chini juu, akanifundisha kazi tangu mwanzo wake. Nitawaeleza kama alivyonieleza.

Kwanza, alisema, usikimbilie kukwangua. Tazama. Yafaa ujue ni rangi gani iliyo juu ya mti kabla hujaiondoa. Paka tone la spiriti mahali pasipoonekana, chini ya kiti. Ikiwa kilichopakwa ni sheleki, yaani ile gundi itokayo kwa wadudu wadogo wa Bara Hindi, italainika na kunata kidoleni. Ikiwa ni vanishi au rangi ya mafuta, spiriti haitaiyeyusha hivyo. Tena rangi nyingine za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo rangi ya namna hiyo huloweshwa kwanza ili isirushe vumbi, nayo hukwanguliwa nje ya nyumba, kitambaa kikifunika pua na mdomo, na maganda yake hukusanywa yote na kuzikwa mbali na kisima.

Pili, kukwangua. Wapo watu wamwagao soda kali juu ya mbao ili rangi itoke upesi. Fundi hakuipenda njia hiyo, kwa sababu soda huunguza ngozi ya mtu, hulegeza gundi ya viungo, na mbao nyingi huzigeuza kuwa nyeusi. Yeye alitumia bamba la chuma lililonolewa, na katika pembe nyembamba alitumia kigae cha chupa. Mkono hufuata nyuzi za mti sikuzote. Ukikwangua kwa kukata nyuzi, utaacha mikwaruzo ambayo kesho rangi itaitangaza kwa kila mtu.

Tatu, msasa. Labda hamjui kuwa msasa ni jina la mti. Majani yake yakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na wazee walisugulia mbao majani hayo kabla ya karatasi ya msasa kuletwa. Huanzwa na msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini. Halafu mbao hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Vinyweleo vya mti husimama, na vikikauka husuguliwa tena kwa msasa laini. Ukiiacha hatua hii, rangi itakaposhika mbao itakuwa na ukali kama shavu la mtu asiyenyoa.

Nne, rangi. Hapa Fundi alinifundisha tofauti ya rangi mbili. Iko rangi ya kufunika, kama ile ya buluu, ambayo hukaa juu ya mti usiuone tena. Na iko rangi ya kunywesha, ambayo mbao huinywa, na nyuzi zake huendelea kuonekana. Mninga mzuri hauhitaji rangi nyingi, bali viti vile vilikuwa na mabaka, kwa sababu buluu ilikwisha kuingia katika vitundu vya mti. Kwa hiyo vilihitaji rangi ya kunywesha, ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, ili vifanane. Rangi hiyo hujaribiwa kwanza chini ya kiti. Ncha za mbao hunywa kuliko ubavu, basi hupakwa kidogo. Ile iliyozidi hufutwa kabla haijakauka. Siku ya pili hupakwa mafuta ya kitani, mara mbili au tatu, kila mara tabaka jembamba.

Nao matambara yaliyolowa mafuta hayo, akasema, usiyakunje ukayatupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa huweza kuwaka moto yenyewe usiku watu wamelala. Yatandaze nje moja moja hata yakauke, au yatie katika ndoo ya maji.

Tulimaliza viti viwili pamoja. Siku ya Jumanne Fundi akapata habari kuwa dada yake ni mgonjwa sana huko Urambo. Akafunga safari. Kabla hajaondoka akaniambia, "Vimebaki viti vinne, na kazi waijua. Lakini sikiliza, mwanangu. Rangi ya mbao ni kama nguo. Nguo humpendeza mtu mzima, haimponyi mgonjwa. Ukiona ubovu wowote, weka kiti kando unisubiri."

Nikaitikia, "Ndiyo, Fundi."

Kiti cha tatu, cha nne na cha tano vilikwenda vema. Mti ulitokea chini ya buluu mzuri ajabu, una mistari ya dhahabu na ya damu ya mzee. Wapita njia walisimama kutazama, nami nikajiona kuwa nimekwisha kuwa fundi. Ijumaa asubuhi nikaanza kiti cha sita. Nilipokwangua mguu wa nyuma wa kulia, nikaona ukanda mweupe umetoka juu hata chini, na katika ukanda huo mna vitundu vidogo kama vilivyochomwa kwa pini. Nikagonga mguu kwa kidole. Ukanguka unga laini mweupe, kama unga wa muhogo.

Sina budi kuwaeleza maana yake. Shina la mti lina sehemu mbili. Ndani ni kiini, nacho katika mninga ni chekundu au cha hudhurungi. Mchwa na wadudu wengine hawakipendi. Nje ya kiini, chini ya gome, ni sehemu nyeupe ambayo mti uliitumia kupandisha maji ulipokuwa hai. Sehemu hiyo ina chakula cha wadudu wabunguao mbao, nao huila ndani kwa ndani, wakiacha ganda jembamba nje. Jambo hili si la mninga peke yake. Katika pwani ya California, huko Marekani, uko mti mwekundu ulio mrefu kuliko miti yote duniani, na mmoja wake umepimwa ukaonekana kuzidi mita 115. Nao kiini chake chekundu hustahimili miaka mingi ya jua na mvua, hali sehemu yake nyeupe huoza upesi. Basi seremala aliyevitengeneza viti vya Mwalimu zamani, alipofika mguu wa mwisho alipungukiwa na mbao, akautia ubao wenye weupe. Na rangi ya buluu ikaja kuuficha.

Hayo yote niliyajua. Nilichukua msumari nikausukuma kwa kidole gumba tu, ukazama katika mguu bila kupigwa nyundo. Neno la Fundi nililikumbuka. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Mwalimu kuja kuchukua viti. Niliogopa kumwambia kuwa vipo vitano. Tena, nitasema kweli, nilitaka kusifiwa kwa sita.

Nikayeyusha nta, nikaichanganya na unga wa mbao nyekundu, nikaziba tundu moja moja. Nikasugua kwa msasa laini. Nikapaka rangi. Weupe haukuinywa kama kiini, basi nikaurudia mara ya pili, na ya tatu, hata ukafanana na wenzake. Jioni nilivipanga viti vyote sita chini ya mwembe, nikarudi nyuma hatua kumi, na mimi mwenyewe sikuweza kukitambua kilicho kibovu.

Mwalimu alipokuja Jumamosi alisimama kimya mbele ya viti kwa muda. Akapitisha kiganja chake juu ya egemeo la kimoja, akasema, "Hivi ndivyo vilivyokuwa." Akanilipa fedha za Fundi, na juu yake akanipa shilingi zangu mwenyewe. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Fundi aliporudi aliniuliza swali moja tu, "Hukuona ubovu?"

Nikajibu, "Sikuona, Fundi."

Ikapita miezi mitano. Kwa mwezi wa kwanza kila nilipopita karibu na nyumba ya Mwalimu moyo ulinidunda. Mwezi wa pili nilianza kusahau. Kisha nikasahau kabisa.

Asubuhi moja Fundi alikuwa amekwenda kununua mbao, nami nilikuwa peke yangu. Nikamwona Mwalimu anakuja, na nyuma yake mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa, amebeba kiti kichwani na mguu uliovunjika mkononi. Nikawaamkia. Mwalimu akaitikia, akaketi juu ya gogo, akasema:

"Bibi yake alikuwa amekikalia, anachambua mchele. Kikakatika ghafula, naye akaangukia mkono. Mfupa umevunjika, amefungwa hospitali, na wamesema atakaa hivyo wiki sita. Kosa ni la huyu. Ana tabia ya kukiegemeza kiti kwa miguu miwili, nami nimemkataza mara nyingi. Nimemchapa, na bado anakana."

Mtoto akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini, "Babu, kiti hiki sikukiegemeza."

"Unasikia?" akasema Mwalimu. "Na kukana anakana. Basi wewe kijana, mguu huo utie motoni, umwambie Fundi achonge mwingine, nami nitalipa."

Moto wa gundi ulikuwa unawaka hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nikaupokea mguu kutoka mkononi mwa mtoto. Palipovunjika palikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mti, palikuwa na unga, na ule unga ukanimwagikia miguuni. Kama ningalifanya nilivyoamriwa, katika muda mfupi hapangalikuwa na ushahidi wowote duniani. Mwalimu alikuwa hajui. Fundi alikuwa hayupo. Lakini mtoto aliinua macho akanitazama, si kwa sababu alinishuku, bali kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama.

Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamwonyesha nta katika matundu, nikasema, "Mwalimu, mtoto huyu amesema kweli. Mguu huu ulikuwa umekwisha kuliwa na wadudu tangu ulipokuja hapa. Niliuona, nikauziba, nikaupaka rangi. Aliyemvunja Bibi mkono ni mimi."

Mwalimu aliuchukua mguu, akauvunja kwa vidole kama mtu avunjavyo muhogo mkavu. Kwa kitambo hakusema neno. Nilidhani atanipiga, nami nilikuwa tayari. Lakini hakunigeukia mimi. Alimgeukia mjukuu wake, akamvuta karibu akamshika mabega, akasema, "Nisamehe, baba. Nimekupiga bure." Tangu nizaliwe sikuwa nimeona mtu mzima, tena mwalimu, akimwomba mtoto msamaha. Mtoto ndipo akaanza kulia, yeye ambaye hakulia alipokuwa akishutumiwa.

Kisha Mwalimu akaniambia, "Wewe utakuja jioni, umwambie Bibi mwenyewe, kwa kinywa chako."

Fundi aliporudi nilimwambia kabla hajaweka mzigo wake chini. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nilikuuliza siku ile." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo, maana uongo ule ulikuwa ni wa neno moja, nami nilikuwa nao miezi mitano. Jioni alikwenda pamoja nami nyumbani kwa Mwalimu, akaniamuru nivigonge viti vyote vilivyobaki, mguu kwa mguu, mbele ya wenyewe, na kuvijaribu kwa msumari. Vilikuwa vizima.

Bibi alinisikiliza, mkono wake umelala kifuani. Akasema, "Mkono utapona. Lakini maji hayajichoti." Basi kwa wiki sita, kila alfajiri kabla ya kazi, nilimjazia Bibi mtungi na ndoo zake, na mara nyingi mjukuu wake alinifuata kisimani. Siku za kwanza hakusema nami. Wiki ya tatu aliniuliza kama kweli mninga hutoa damu.

Mguu mpya niliuchonga mwenyewe, kwa mbao niliyoinunua kwa ujira wangu, kiini kitupu bila alama ya weupe. Nilipokwisha kuutia gundi na kuupigia kabari, nilichukua kopo la rangi ili niufananishe na mingine. Mwalimu, aliyekuwa amekuja kutazama, akanizuia.

"Upake mafuta tu," akasema. "Mtoto huyu alisemwa mbele ya majirani. Watakapokuja na kuuliza kwa nini mguu mmoja si kama wenziwe, tutawaambia."

Ndivyo ulivyobaki. Sasa yapata miaka 30, Mwalimu na Bibi wamekwisha kufariki, na viti viko kwa yule mjukuu, ambaye ni baba wa watoto. Nimeviona mwaka huu. Mafuta yake huyarudia kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe, na mguu ule bado hufahamika tangu mlangoni.

Kile kipande cha mguu mbovu niliomba nibaki nacho. Siku hizi nami nina vijana wanaojifunza kwangu. Siku ya kwanza, kabla sijawapa ufagio, huwapa kipande hicho wakishike, wakitazame kwa nje, na rangi yake bado ni nzuri. Kisha huwaambia wakigonge, wasikie sauti yake.